Chumvi Aliyoibeba Sundla

Sundla si mtu wa kupendwa haraka. Sauti yake ni kubwa, goti lake la kulia ni bovu, na chapati zake za maji huwa nene kama soli ya kiatu. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tulipoletwa kijijini Shilotra tukiwa maharusi, na hakuna kitu ambacho hatujagombania: maji ya mfereji, mbuzi, kivuli cha mti. Kisha kesho yake tunakwenda kukata nyasi pamoja, maana mlimani huwezi kumnunia jirani kwa muda mrefu. Ukishamnunia, nani atakuinulia mzigo akutwike mgongoni?

Nasema haya mapema kwa sababu siku hizi wanakuja watu wa mjini na kamera zao, wanataka niwasimulie habari za mtakatifu. Sina mtakatifu wa kuwapa. Ninaye mjane mwenye matuta ya tangawizi, mwana mmoja, na mdomo.

Kwetu, jambo likiwa zito watu hawaendi kwa wakili. Huchukua lota, kile chungu kidogo cha shaba, wakaijaza maji, na anayeapa hudondosha chumvi ndani yake mbele ya Devta, mungu wa mlima wetu, akasema: kama chumvi hii inavyoyeyuka, nami niyeyuke hivyo, mimi na kizazi changu, nikivunja neno langu. Basi, imekwisha. Wanaume wameitumia hiyo tangu enzi za babu zao, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye kura, kwenye ugomvi wa ndugu wanaogawana nyumba. Wezi wetu huiba na waongo wetu hudanganya kama wa kwingineko, lakini chumvi hawaichezei. Yuko mtu mmoja wa ng'ambo ya bonde aliyewahi kuivunja, na nyumba yake leo inakaliwa na nyani. Ndivyo tulivyosimuliwa. Hakuna aliyekwenda kuwahesabu hao nyani.

Wazo la kuwadondoshesha chumvi waume wanaopiga lilimjia Sundla tukipalilia tangawizi. Wakati huo chama chetu cha wanawake kilikuwa na kazi moja tu, kuazimana masufuria makubwa ya harusi. Mke wa Attru, jirani yetu, alikuwa amevunjwa taya na mumewe. Tulimteremsha hadi kituo cha polisi kule chini mtoni, asubuhi nzima kwa miguu, na bwana mmoja pale akatuambia, huku anapuliza chai yake, kwamba mambo ya nyumbani huisha nyumbani.

"Kumbe," Sundla akasema, akikita jembe. "Mathro, umesikia? Huisha nyumbani. Haya, tuyamalize nyumbani."

Jioni ileile wanawake tukajaa uani kwa Attru, mundu viunoni kama tulivyotoka shambani. Attru alikuwa amelewa kidogo. Alipoiona lota, ulevi ukamtoka.

"Mama mdogo," akamwambia Sundla, "jambo la Devta si la mzaha."

"Mzaha umeuacha kwenye taya la mkeo. Dondosha."

"Nitamwambia tu samahani..."

"Samahani mwambie ng'ombe ukimkanyaga. Dondosha, Attru, usitukalishe hapa, tuna mikate ya wimbi ya kupika."

Alidondosha huku analia. Tangu siku hiyo Attru akipandwa na hasira hutoka nje akapiga ukuta wa zizi. Ng'ombe wake alipungua maziwa kwa hofu, lakini mkewe alinenepa, na sisi tulicheka mwaka mzima.

Vijiji vingine vikaanza kumwita Sundla. Akawa anapanda na kushuka na lile goti lake, lota kaifunga kwenye shuka, na mimi nyuma nikilalamika. Si kila mwanamume alitulia, nisidanganye. Lakini wengi walitulia, na hilo halikuwahi kutokea kabla. Mimi niliona fahari, naye zaidi. Alianza kutembea katikati ya njia.

Ndipo tukafika kwa Jalam Singh.

Jalam ana pikapu ya kuteremshia tangawizi sokoni. Hanywi, havuti, na akikutana na mkubwa wake huinama kumgusa miguu. Ukimwomba akuchukue, anakupa kiti cha mbele na kukufungia mlango. Kwa hiyo mkewe, Indro, alipoanza kusema kwamba anapigwa, masikio yetu yalikuwa yamezibwa na adabu za mumewe. Mara ngapi alivuka mlima usiku na mchana kwenda kwa mama yake, mgongo umechanika, na sisi tukasema, "Wanawake wa siku hizi hawana subira"! Siku aliyofungua blauzi akatuonyesha mgongo ndipo tulipofunga midomo.

Jalam aliitwa barazani kwa Sundla, akaja mwenyewe, amenyoa, amevaa shati jeupe. Akavua viatu, akaketi chini yetu sote.

"Mama mdogo, mimi sina neno," akasema. "Nitadondosha. Lakini haki ni mizani. Kila nikifungua mdomo, mwenzangu anavuka mlima kwenda kwao. Watoto hawajala, ng'ombe hawajakamuliwa. Mimi nikifungwa, naye afungwe. Adondoshe kwamba hataondoka nyumbani kwangu bila mimi kumruhusu. Au chama chenu ni cha kuwafunga wanaume peke yao?"

Sundla anapenda mno kuitwa mwenye haki. Hiyo ndiyo sukari yake, na Jalam alimlambisha.

"Si vibaya," akasema. "Tusije kuambiwa tunawaonea."

Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa. Kwa nini tusiitikie? Ilionekana jambo la watu wazima. Indro alitutazama mmoja mmoja, kwa zamu, akingoja mmoja wetu aseme kitu, na nasikitika kusema kwamba mimi nilikuwa nawaza mvua na nyasi zangu zilizo nje.

"Dondosha, mwanangu," Sundla akamwambia, ameishika lota mwenyewe. "Sasa mko salama wote wawili."

Jalam alidondosha chumvi ya kujaa kiganja. Indro alidondosha punje chache, hata hazikufika chini.

Miezi ilipita kimya. Indro hakuvuka mlima tena, na Sundla akawa anawasimulia watu wa vijiji vingine: mtazameni Jalam Singh. Indro naye alikuwa hakai na watu. Akija kisimani huja saa ya jua kali, wakati wenzake wamelala. Tulisema ana kiburi cha mwenye nyumba iliyotulia.

Wakati wa kuchimba tangawizi tulikuwa tumeketi kando ya njia, mimi na Sundla, tunakung'uta udongo, akapita Indro na kapu. Mzigo ulikuwa umekaa upande. Mkono wake wa kushoto ulining'inia tu.

"We Indro, bega lina nini?" Sundla akaita.

"Nimeanguka kwenye ngazi, mama mdogo."

"Ngazi ipi?"

"Ya nyumbani."

Sundla akainuka, akamvuta mtandio shingoni kabla hajakwepa. Kulikuwa na alama nne upande huu na moja upande ule.

"Ngazi ya nyumbani kwako ina vidole?"

Indro akatua kapu. Akatazama juu na chini ya njia. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa.

"Mama mdogo, usiseme hivyo tena. Aliapa juu ya kizazi chake. Kizazi chake ni nani? Ni Muskan na mdogo wake. Akinipiga, wanayeyuka. Kwa hiyo hakunipiga. Hakunipiga jana, wala juzi, wala mwezi uliopita. Devta husikia linalosemwa, na mimi sitasema. Yeye mwenyewe ananiambia, nenda kaseme, kawaue wanao."

"Basi ondoka!" nikasema mimi. "Chukua watoto uvuke."

"Na chumvi yangu niiache wapi, mama Mathro? Nami niliapa juu ya kizazi. Ni watoto walewale."

Akainua kapu mwenyewe, kwa mkono mmoja, akaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia kujitwika, kwa sababu tulikuwa tumesimama kama tumepigwa na radi. Watoto walewale. Akisema, wameangamia. Akiondoka, wameangamia. Tulimjengea nyumba isiyo na mlango, tukapigilia paa, na tukajisifu kwa ujenzi.

Nilimtazama Sundla nikidhani atapiga kelele. Alikaa chini akaendelea kukung'uta tangawizi ileile iliyokwisha kuwa safi. Jalam je, haamini chumvi, au anaamini na hajali? Mpaka leo sijui, na sijui lipi baya zaidi.

Kesho yake Sundla alipanda hekaluni. Chumvi huweza kuinuliwa, kiapo kikafutika, hilo linajulikana, ila huinuliwa uani kwa Devta, na funguo za mambo ya pale ziko kwa wazee. Msimamizi wao ni Gumaan Singh, baba mkubwa wa Jalam. Nilikwenda na Sundla. Wanawake huwa hatupandi zaidi ya ngazi ya chini, kwa hiyo tuliongea naye tukiwa tumeinua shingo.

"Chumvi huinuliwa na walioidondosha," Gumaan Singh akasema. "Waje wote wawili, pamoja, na mbuzi wao. Ndiyo desturi. Mimi siwezi kuibadili kwa sababu wewe umeamka vibaya."

"Na mmoja akikataa kuja?"

"Basi haijainuliwa."

"Mzee, mkwe wako anakufa."

"Nani kasema?" akauliza. "Yeye kasema? Mlete aseme."

Alijua. Nilimwona machoni kwamba anajua, na kwamba bado analala vizuri usiku. Tukashuka. Jalam alikuwa anaosha pikapu yake kwenye mfereji, suruali kaikunja.

"Jalam, njoo na mkeo kwa Devta," Sundla akasema. "Mbuzi nitatoa mimi."

"Kwa nini, mama mdogo? Mimi sina shida na chumvi yangu. Kuna mtu ana shida?" Akaigeukia nyumba yake, akapaza sauti kwa upole kabisa. "Indro! Mama mdogo anauliza, una shida?"

Sauti ikatoka ndani. "Sina."

"Unaona," Jalam akasema. "Tumetulia. Kazi yako nzuri sana, mama mdogo. Nawaambia watu kila mahali."

Chama kilikutana, kikagombana. Wengine walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wengine walitaka tumpige Jalam kwa mafimbo, na Sundla akawauliza, mkishampiga, Indro atalala wapi usiku ule? Mkwe wa Sundla, Sarika, msichana aliyemaliza shule na mimba yake ya kwanza ikianza kuonekana, alicheka akiwa anamenya viazi.

"Mama, jamani! Ni chumvi na maji. Tulifanya darasani, ukiyachemsha yakakauka chumvi inarudi palepale. Indro achukue watoto aende. Mnamuua kwa kitu cha jikoni."

"Wewe ungedondosha?" Sundla akamwuliza.

"Hata sasa hivi. Nipe."

Hakumpa. Nami nilimpenda yule msichana kwa kusema hivyo, na pia nilitaka kumzaba kofi, kwa kuwa Indro hakuwa amesoma darasani. Alikuwa na watoto wawili na Devta juu ya mlima. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Sundla alibadilika siku zile. Alipita pembeni ya njia. Vijiji vilipomwita alisema anaumwa goti. Akimsikia Indro akikohoa nyumbani kwake kule chini husimama, kisha anajifanya anatafuta kitu. Siku moja akaja akaketi kwenye kizingiti changu bila kunitukana kwanza, nikajua kuna jambo.

"Mathro. Mtu aliyeshika lota. Aliyesimama katikati. Zamani, ndugu wakigombana, si huyo ndiye aliyekuwa anabeba?"

Ni kweli, ilikuwepo. Baba mkwe wangu aliwahi kusimulia. Anayeshika lota ni mdhamini. Akitaka, anaweza kuichukua chumvi ya wengine na kuiweka juu ya kizazi chake, na hakuna wa kumzuia, kwani mkono wa mtu ukiwa juu ya maji haushikwi. Ila hakuna mwenye akili aliyewahi kutaka.

"Usifanye," nikamwambia. "Una mwana mmoja. Una mjukuu tumboni mwa Sarika. Tafuta njia nyingine."

"Nimetafuta. Iko wapi? Nionyeshe."

Nikaanza kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Mimi ndiye niliyemwambia dondosha," akasema. "Yule alitutazama, Mathro. Mmoja mmoja."

"Afadhali mtu asiye na mtoto ndiye abebe. Tumtafute mmoja, hana cha kupoteza."

"Asiye na kitu atapeleka nini kwa Devta? Maji matupu?" Akainuka kwa kushika goti. "Kwa sababu ninacho, ndiyo maana atakubali."

Nilimkasirikia. Bado namkasirikia. Angemwuliza Balbir, mwanawe. Angemwuliza Sarika. Hakuwauliza, kwa kuwa alijua watakataa, na alijua wana haki ya kukataa. Mwanamke aliyependa haki kuliko asali aliiruka haki ya watu wa nyumba yake mwenyewe, na alijua anairuka.

Sikukuu ya Maghi, ile ya katikati ya baridi, mbuzi wamechinjwa kila nyumba, kijiji kizima kilikuwa uani kwa Devta mchana kweupe. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni, ngoma zinapigwa, wanaume wamevaa makoti yao mazito. Indro alikuwa nyuma ya wanawake, pamoja na watoto wake, bega limefunikwa. Sundla akapita katikati ya wacheza ngoma. Akapanda ngazi ya chini, akapanda ya pili, akapanda ya tatu, na ngoma zikakatika moja moja.

"Shuka, mwanamke!" Gumaan Singh akafoka. "Umerogwa?"

Sundla akainua lota juu. Mkono mwingine ulikuwa tayari juu ya maji. Hakuna aliyemsogelea.

"Devta, nisikie, nina sauti kubwa," akasema, na watu wawili watatu walicheka kwa woga. "Chumvi ya Jalam Singh na chumvi ya Indro, lota niliishika mimi. Neno nililitoa mimi. Nilikosea. Nawatoa wote wawili, nawatoa na watoto wao. Lolote lililovunjwa na lolote litakalovunjwa, lisiwaguse. Linishike mimi na kizazi changu."

Akaifungua ngumi. Ilikuwa chumvi nyingi, ya mawe, ile tunayowapa ng'ombe. Tuliisikia ikigonga shaba.

Nilimtafuta Sarika kwa macho. Alikuwa kwenye ukuta, mikono yote miwili tumboni, midomo imekuwa myeupe. Yule wa darasani, yule wa kuchemsha maji. Alitazama ile lota kama anayetazama nyoka.

Kisha Indro akasogea mbele. Akafungua mtandio, akauweka begani mwa Muskan. Akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kavu, bila machozi: "Alinipiga. Alinipiga mwezi wa njegere na mwezi wa tangawizi. Alinivunja hapa. Alinikaba hapa. Alinipiga jana kwa sababu nyama ilichelewa kuiva." Akawa anaendelea, mahali kwa mahali, hata wazee wakainamisha vichwa, si kwa aibu ya kutosha, lakini waliinamisha.

"Mwongo!" Jalam akasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Anamsingizia mtu mbele ya Devta!"

"Basi dondosha chumvi kwamba ni mwongo," nikasema mimi. Lilinitoka tu. "Maji yapo."

Hakudondosha. Kijiji kizima kikamwona akiwa hadondoshi, Gumaan Singh akiwemo.

Indro alimbeba mdogo mgongoni, akamshika Muskan mkono, akaianza njia ya mlimani, kwa mama yake, mchana, mbele ya watu wote. Jalam alipotaka kumfuata, mke wa Attru akaketi katikati ya njia. Mwingine akaketi nyuma yake. Tukaketi wote, njia nzima hadi msituni, kwenye theluji, mundu mapajani, tukaanza kuzungumza habari za mapishi. Alisimama mbele yetu, koti wazi juu ya shati lake jeupe, hadi Indro akawa nukta, kisha hata nukta haikuwepo.

Hapo ndipo watu wa kamera hufunga mikoba yao. Wanashukuru, wanakwenda. Hawaniulizi yaliyofuata.

Jioni ile Balbir aliingia kwa mama yake, mimi nikiwepo. Ni mwana mpole, hajawahi kumjibu mama yake.

"Umemuuza mwanangu," akasema.

"Balbir..."

"Kwa mke wa mtu mwingine. Ungeniuza mimi, sawa. Mimi ni mkubwa. Umemuuza ambaye hajazaliwa."

Kesho yake Sarika alifunga nguo zake akaenda kujifungulia kwao. Nilimsindikiza hadi darajani, nikamkumbusha kwa upole yale ya darasani.

"Najua, mama Mathro," akasema. "Ni chumvi na maji. Najua." Na akalia njia nzima.

Kijijini wakasema mchuma janga hula na wa kwao. Wanawake walewale walioketi nami kwenye theluji walianza kumkwepa Sundla kisimani, hasa wenye mimba. Wanamheshimu, usinielewe vibaya. Wanampa nafasi kubwa ya kupita, kubwa mno. Siku hizi katika vijiji vyote hivi mwanamume ndiye anayedondosha peke yake, mke hadondoshi kitu, na yeyote akileta habari za mizani huzomewa. Hilo lilitoka kwake. Jalam bado ana pikapu, ila hakuna mwanamke anayempakilia tangawizi. Indro yuko kwa mama yake, analima nyanya, bega halikupona sawasawa. Muskan anasoma.

Sarika alizaa mtoto wa kike. Theluji ilipokwisha alirudi, kwa sababu nyumba ni nyumba na Balbir ni mumewe. Hakumfukuza mama mkwe, hata hakumnenea ukali. Sundla mwenyewe alihamishia sahani yake barazani, asije akamgusa mtoto kwa mkono ulioshika ile chumvi. Anakula huko, analala chumba cha nje karibu na zizi. Mtoto akikohoa ndani, na watoto wote hukohoa, watu wote nyumbani hunyamaza na kumtazama yeye, kisha wanaona aibu na kutazama kando. Mimi nimewahi kumtazama hivyohivyo. Usiku mmoja mtoto alipata homa, na asubuhi nilimkuta Sundla amesimama nje ya dirisha, hakuketi tangu jana. Ilikuwa meno tu.

Nikamwuliza siku ile, "Sundla, wewe mwenyewe unaamini?"

Akanitazama kama nimeuliza upumbavu. "Kama siamini," akasema, "yule nilimfungua na nini?"

Juzi nilikwenda kuazima ungo. Sarika alikuwa jikoni na mtoto kiunoni, mara maziwa yakafura yakaanza kumwagika motoni. Akageuka haraka, akasahau yote, akamnyoosha mtoto kuelekea mlangoni alikosimama mama mkwe wake.

"Mama, mshike!"

Mikono ya Sundla ilitoka. Niliiona ikitoka, yote miwili, vidole vimefunguka, na mtoto akaiegemea akicheka. Sarika aliona amefanya nini, lakini hakumrudisha. Alibaki amenyoosha, maziwa yanaungua nyuma yake, na nakuapia alikuwa anataka. Alikuwa anamwambia mshike.

Sundla akarudisha mikono, akaiweka nyuma ya mgongo wake.

Nikampokea mimi. Sarika akaigeukia sufuria, akaiepua, akaanza kufuta jiko kwa nguvu, hakuinua uso. Mtoto alinishika pua. Sundla alisimama palepale kizingitini, akamtazama mtoto, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo:

"Mzito?"

"Mzito," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mikono bado iko nyuma, akatoka kwenda kukaa barazani.